Daftari la Mahudhurio ni Ripoti Yetu: Kwa Nini Vijana Wengi Hawapendi Shule

Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya walimu, wazazi, madiwani na wanafunzi wa sekondari

Wanafunzi, mmepangwa viti vya nyuma, ingawa mada ya leo ni yenu kuliko yetu sote.  

 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya utoro shuleni, chanzo chake na tiba yake. Nimeomba kwa Mwenyekiti nirudi nyuma hatua moja, naye amekubali. Utoro tunaouhesabu ni wa mwili. Lakini yupo kijana asiyekosa hata siku moja. Anaingia getini alfajiri kwa kuwa baba ni mkali, anakaa dawatini hadi kengele ya mwisho, na tangu asubuhi hakuna neno lililomwingia. Huyo haandikwi popote kwamba ni mtoro. Kabla kijana hajatoroka, huwa ameshaichoka shule kitambo, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Kusudi langu ni kueleza sababu zinazowafanya vijana wengi wa Tanzania waliokwisha kuandikishwa shuleni, hasa wa sekondari za kutwa, wasiipende shule. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Sisi tunawapima vijana kwa mtihani. Wao wanatupima kwa mahudhurio. Lile daftari ambalo mwalimu wa darasa analiita kila asubuhi tumezoea kulisoma kama orodha ya makosa ya watoto. Mimi nasema ni ripoti ya shule, na alama zilizomo humo ni zetu sisi watu wazima.

Tusichanganye pia kuchukia shule na kuchukia kujifunza. Kijana anayekimbia kipindi cha fizikia, mfuate. Mara nyingi utamkuta gereji, mikono imejaa grisi, anamuuliza fundi kwa nini pikipiki inakula mafuta kuliko kawaida. Swali lile ni la fizikia. Amelikimbia somo darasani akalifuata kwa miguu yake mtaani. Basi tujiulize: kule gereji kuna nini ambacho sisi hatuna? Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Jambo hili halikuletwa na simu

Nikizungumza na wazazi, jibu la kwanza ninalopewa ni simu. La pili ni kubeti. La tatu ni makundi na bangi. Sikatai kwamba hayo yapo na yanaharibu. Ila huko ni kule anakokwenda kijana akishatoka. Sababu ya kutoka ni jambo jingine. Isitoshe, wapo waliozikimbia shule kabla mtu yeyote nchini hajashika simu ya mkononi.

Sisi watu wa Tanga tuna haki ya kulijua hilo kuliko wengine, kwa kuwa ni hapa mjini kwetu ambapo utawala wa Kijerumani ulifungua shule yake ya mwanzo ya serikali, mapema katika miaka ya 1890. Shabaha yake ilikuwa kupata makarani, wakalimani na watumishi wa utawala. Wazee wa pwani, ambao watoto wao walikuwa na vyuo vya Kurani tayari, waliitazama kwa shaka. Waliuliza: mtoto huyu akisoma, atarudi kwetu au atakuwa mtu wa wale? Swali lile lilikuwa la haki, kwa sababu shule ile haikujengwa kwa ajili ya mji. Ilijengwa ili ichague wachache wanaohitajika na kuwaacha wengine.

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hilohilo likiwa limevaa nguo mpya. Katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, cha Machi 1967, alieleza kwamba elimu tuliyoirithi ilikuwa ya wachache, ilimtenga mwanafunzi na jamii aliyotoka, ilimfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na ilichukua vijana wenye nguvu ikawaweka kando ya kazi ya uzalishaji. Nawaomba mkumbuke hilo la wachache, maana nitalirudia.

Tangu hapo tumefanya kazi kubwa ya kuwaingiza watoto shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitupeleka kwenye Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule ya msingi iliondolewa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulifuata mwaka 2004, na shule za kata zikaota karibu kila mahali. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita pia. Hayo si madogo, na asiyeyasifu hana shukrani. Ila yote yanajibu swali moja: mtoto ataingiaje? La pili, kwamba akishaingia atataka kubaki kwa sababu gani, tumelijibu kwa kigugumizi. Tumeandikisha watoto wote katika shule ambayo moyoni bado inatafuta wachache.

Hoja ya pili: Lugha inamnyamazisha mtoto mwerevu

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa naamini ndiyo sababu iliyo kubwa na inayosemwa kwa woga.

Mchukueni binti aliyemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hapa Tanga. Kwa miaka saba amesoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Ameeleza usanisinuru ubaoni, amebishana na mwalimu kuhusu chanzo cha mmomonyoko wa udongo, amechora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Ni mjuzi kwa umri wake. Januari anaingia kidato cha kwanza. Anapewa wiki chache za kujiandaa na Kiingereza, kisha masomo yote, ukiondoa Kiswahili chenyewe na machache mengine, yanahamia lugha ambayo nyumbani haizungumzwi, sokoni haizungumzwi, na mwalimu mwenyewe akitoka nje ya darasa haizungumzi. Binti anakutana na usanisinuru ule ule kwa jina geni, wala hajui kwamba amekutana na rafiki yake wa zamani. Anachojua ni kwamba Desemba alikuwa na akili, na Machi hana.

Walimu, naona mnatazamana. Mnajua kinachotokea baadaye. Mwalimu ana moyo wa huruma, kwa hiyo anasoma sentensi kwa Kiingereza kisha anaifafanua kwa Kiswahili. Watoto wanaelewa, wanacheka, darasa linachangamka. Halafu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, nao wananakili. Mtihani nao unakuja kwa Kiingereza. Ufahamu ulikuja kwa lugha moja, alama zinatafutwa kwa nyingine. Kilichobaki ni kukariri. Mtoto anameza aya nzima bila kujua mwanzo wake wala mwisho, anaitapika kwenye karatasi, na swali likigeuzwa kidogo tu amekwama.

Jambo hili tunalijua siku nyingi. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikukubaliwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu, nao wakaona kwamba wengi hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Jawabu letu likawa kuongeza nguvu katika kufundisha Kiingereza. Miaka ya 2000 akina Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama LOITASA, waliwafundisha wanafunzi mada zilezile kwa lugha mbili tofauti, wakaona jinsi darasa la Kiswahili linavyosema, linavyouliza na linavyoelewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa nafasi kwa lugha zote mbili. Toleo lake la mwaka 2023 limebakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.

Sasa nimsikilize mzazi pale mbele anayetikisa kichwa. Najua hoja yako, mama. Unataka mwanao ajue Kiingereza, na una haki. Mwenye Kiingereza anapata kazi hotelini, bandarini, kwenye mashirika, na wewe huna fedha za kumpeleka shule ya binafsi. Mimi sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza kila kitu kwa Kiingereza usichokijua ni jambo jingine. Mtoto anayesoma kemia kwa lugha asiyoielewa hapati lugha wala kemia. Hasara hiyo mara mbili ndiyo tunayomuuzia mzazi maskini kwa jina la maendeleo.

Tena tumeongeza aibu juu ya hasara. Zipo shule zinazomvisha kibao shingoni mtoto aliyekamatwa akizungumza Kiswahili, au kumtoza faini. Mtu mzima akifungwa mdomo kazini kwake kila siku, akivishwa kibao kwa kusema lugha ya taifa lake, atavumilia miezi mingapi kabla ya kuacha kazi? Kijana wa miaka 14 tunamtaka avumilie miaka minne.

Hoja ya tatu: Hofu

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wetu tunaizungumza bila kuisoma. Kanuni zetu za adhabu ya viboko ni za mwaka 1979, na zilirekebishwa mwaka 2002. Zinasema viboko visizidi 4. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Kuna mkuu wa shule humu ndani ambaye daftari lake linalingana na viboko vilivyochapwa shuleni kwake juma lililopita? Sihitaji mkono unyooshwe. Nauliza tu.

Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu, na taifa zima lilihuzunika. Majirani zetu wa Kenya walikwisha kuipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunabishana.

Hoja inayotolewa kila mara ni hii: "Sisi tulichapwa, na leo ni watu." Wanaisema kwa dhati, tena wanaongeza kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini angalieni ni nani anayeisema. Ni waliobaki. Waliochapwa wakaondoka hawamo ukumbini humu, hawakualikwa, na hakuna aliyewauliza. Wapo ufukweni Deep Sea wanasubiri mitumbwi, wapo kwenye mashamba ya mkonge, wapo masokoni wanabeba mizigo. Ushahidi wa fimbo tunaupokea kwa wale tu ambao haikuwafukuza.

Halafu kuna tofauti ambayo watoto wanaijua vizuri kuliko sisi. Ukimwadhibu mtoto kwa sababu amempiga mwenzake, anaweza kununa, lakini anajua kosa lake. Ukimchapa kwa kukosa jibu la hesabu, unamwambia kwamba kutojua ni kosa la jinai. Na shule ni mahali pa watu wasiojua. Ndiyo sababu wamekuja. Mtoto akishajifunza kwamba kutojua kunauma, ataacha kuonyesha kwamba hajui. Ataacha kuuliza. Mwisho ataacha kuja.

Hoja ya nne: Njia, tumbo na mwili

Haya ni mambo ambayo msomi huyaona madogo kwa kuwa yeye ameshayavuka.

Njia, kwanza. Shule ya kata iko ndani ya kata, lakini kata zetu za vijijini ni pana. Yupo mtoto anayeamka kiza kikiwa bado kimetanda, anatembea kilomita kadhaa, na shuleni anayo namba yake ya usafi inayomsubiri. Aliyeko mjini ana daladala, ila konda anamtazama sare yake na nauli yake ya mwanafunzi, halafu anamwambia gari limejaa huku akimpandisha mtu mzima. Gari la pili, la tatu, hivyohivyo. Akifika amechelewa. Getini yupo mwalimu wa zamu na fimbo. Mtoto huyo ameadhibiwa kwa kosa la konda. Ukimkuta keshokutwa amekaa chini ya mwembe na sare yake hadi mchana, usiseme ni mvivu. Amepiga hesabu zake, zikatoka sawa.

Walioko mbali zaidi hupanga geto karibu na shule. Chumba kimoja, jiko la mkaa, mtoto wa miaka 15 anayejipikia, anayejilinda na anayejiamulia saa ya kulala. Kwa msichana, geto lina hatari ambazo sina haja ya kuzieleza mbele ya wazazi. Muuza chipsi na dereva wa bodaboda wanajua kwamba hana nauli na hana chakula, na baadhi yao wanaijua bei ya huruma.

Kuhusu tumbo nitakuwa mfupi. Mtoto aliyetoka nyumbani bila chai, akakaa darasani hadi alasiri bila kitu, hana anachoweza kukipokea. Shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi na maharage, mchana ukapikwa uji au makande, zinaona tofauti katika madawati. Mara nyingi kinachokwamisha si uwezo bali tafsiri: mzazi amesikia elimu bila malipo, akaelewa kwamba debe lake la mahindi nalo limefutwa. Madiwani, maneno hayo yanatoka kwenye mikutano yenu ya hadhara. Yasahihisheni hukohuko.

Ya tatu ni mwili wa msichana. Hedhi ikija na choo cha shule hakina mlango wala maji, anabaki nyumbani, kila mwezi. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi iliondolewa. Mwaka 2019 ikarudishwa. Kuhusu mimba, kauli ya serikali mwaka 2017 ilikuwa kwamba aliyejifungua hatarudi shuleni. Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi. Ni uamuzi mwema. Hata hivyo, waraka humrudisha darasani, haumwondolei vicheko vya wenzake wala maneno ya pembeni ya walimu. Hilo la pili liko mikononi mwetu, halihitaji waraka.

Hoja ya tano: Shule inamwambia mapema kwamba hatafika, na hata akifika haoni anafika wapi

Nilisema nitarudi kwenye wachache. Mtoto wa kidato cha pili hahitaji matokeo ya kidato cha nne ili ajue nafasi yake. Kila muhula jina lake linasomwa au kubandikwa ukutani, na karibu kila mara liko chini. Walioko juu wanajulikana, wanakaa mbele, wanaitwa kwa majina. Yeye anaitwa "ninyi wa nyuma". Shule nyingine, zikiogopa kushusha wastani wao, humsihi mzazi amhamishe au amrudishe darasa karibu na mtihani. Kijana anaelewa: shule inanihesabu kama hasara. Nani anapenda mahali anapohesabiwa hasara?

Mwaka 2013, mwezi wa Februari, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi iliwaka. Tume iliundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wengi tulijadili namna ya kupanga madaraja. Ni wachache waliouliza jambo zito zaidi: maelfu ya vijana wale walikuwa wanafanya nini ndani ya madarasa yetu kwa miaka minne? Walihudhuria, waliandika notisi, walichangia rimu za karatasi, waliimba wimbo wa taifa mstarini, kisha wakaambiwa sifuri. Wadogo zao walikuwa nyumbani wakiwatazama. Mimi nasema kwamba sehemu ya chuki tunayoiona leo ilipandwa siku ile sebuleni kwao.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Nalipongeza kwa hilo. Lakini mashindano yaliyoondolewa kitaifa bado yanaendelea kwenye mbao zetu za matangazo.

Upande wa pili ni hao waliofika. Kijana anamjua kaka wa jirani mwenye shahada, anayeshinda kijiweni akisubiri ajira. Anamjua pia dereva wa bodaboda aliyeishia kidato cha pili, ambaye jioni anarudi na fedha mkononi na kumnunulia mama yake unga. Kule Mtwara na Lindi, msimu wa korosho ukifika, kijana anaona fedha zinavyozunguka. Pwani yetu hii, dau likirudi na samaki, anayesaidia kuvuta hapati notisi. Anapata kitoweo na chochote cha mfukoni. Ukimwambia asome ili apate maisha mazuri, anakutazama kwa heshima, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa, lakini hakuamini. Macho yake yana ushahidi unaompinga mhadhiri.

Hapa nisieleweke vibaya. Dereva huyo wa bodaboda ataumia mgongo, pengine atavunjika mguu, na hana akiba wala bima. Kijana haoni mbali. Lakini kazi ya kuona mbali ilikuwa yetu. Shule isiyoweza kumwonyesha kijana uhusiano wa logarithimu na maisha yake imemwachia mtaa ufanye kazi hiyo, na mtaa hufundisha faida ya leo tu.

Ndiyo maana ninautazama kwa matumaini mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024. Useremala, umeme, ushonaji, kilimo, uvuvi, ufundi magari: haya yakifundishwa vizuri yatamleta yule kijana wa gereji darasani pamoja na swali lake. Nina tahadhari mbili. Amali bila karakana, vifaa na mafundi wanaojua kazi itakuwa notisi nyingine za kunakili. Na amali ikigeuzwa kuwa jalala la walioshindwa, tutakuwa tumejenga kiti kingine cha nyuma.

Nini kifanyike

Wasomi tunapenda kumaliza kwa kudai mabilioni. Mimi nitaanza na yasiyohitaji kibali cha Dodoma.

Walimu wenzangu: kila mwisho wa mwezi lisomeni daftari la mahudhurio kama daktari anavyosoma vipimo. Ni siku gani zinakosa watu? Ni kipindi gani watoto huanza kupotea? Kama kila Alhamisi darasa linapungua, chunguzeni Alhamisi kuna nini, kabla ya kumwita mzazi. Muulizeni mtoro aliyerudi, tena bila fimbo mezani, atawaambia mambo ambayo ukaguzi haujawahi kuyaona. Katika kidato cha kwanza, mruhusuni mtoto aulize na ajibu kwa lugha aliyo nayo, kisha mmsaidie kuivusha hoja yake kwenda Kiingereza. Hakuna kanuni inayomkataza mwalimu kumsikiliza mtoto.

Wakuu wa shule: kanuni ya viboko 4 ifuateni kwanza kama ilivyoandikwa. Ikifuatwa hivyo tu, fimbo nyingi zitakosa mtu wa kuzishika. Na majina ya walio chini yaondoeni ukutani; kila mzazi apewe matokeo ya mwanawe mkononi.

Wazazi: debe la mahindi. Na jambo la pili: mtoto akirudi, msimuulize tu amepata ngapi. Muulizeni leo ameelewa nini, awaeleze kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, mmeshajua tatizo liko wapi.

Madiwani: kaeni na wamiliki wa daladala juu ya wanafunzi, na fedha za mapato ya ndani zikipangwa, vyoo vya wasichana na mabweni vitangulie mbele ya uzio na geti jipya.

Ninyi wanafunzi: nimewatetea kwa muda mrefu, sasa niwadai. Malalamiko yanayoishia kijiweni hayamsaidii mdogo wako. Mnalo baraza la wanafunzi. Litumieni kusema ni kipindi gani hamkielewi na kwa nini, kwa adabu na kwa mifano. Kuikosoa shule huku umo ndani yake ni jambo gumu kuliko kuikimbia, na lina faida kwa watu wengi zaidi.

Lililo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nafunga kwa jambo la usoni. Sera ya sasa imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake, kijana ambaye zamani angeishia darasa la saba atatakiwa kisheria kukaa nasi hadi kidato cha nne. Naiunga mkono sera hiyo. Lakini sheria ina uwezo wa kuleta mwili peke yake. Tukiendelea kama tulivyo, tutakuwa tumeongeza miaka ya kuchukia, na mtendaji wa kata atageuka kuwa mkamata watoto. Tukirekebisha, miaka hiyo kumi itakuwa zawadi ambayo babu zetu hawakuipata.

Kwa hiyo naomba azimio moja dogo kutoka ukumbini humu. Januari ijayo, kidato cha kwanza kitakapofunguliwa, kila sekondari ya wilaya hii ifuatilie wanafunzi wake wapya hadi Juni: nani ameanza kukosa, juma gani, na yeye mwenyewe anasema kwa nini. Julai wakuu wa shule waje hapa na madaftari hayo, wazazi wakae kulia, wanafunzi wakae mbele, tusomeane. Zile sababu zitakazojirudia katika shule nyingi ndizo ziingie kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Nami nitakuja, mkinialika, kusikiliza badala ya kuhutubia.

 Sasa maswali, na la kwanza litoke viti vya nyuma.